Hata Admini Hana Ruhusa: Kompyuta Inavyolinda Mafaili Yake Yenyewe

(Haya niliyaongea mbele ya vijana wanaojifunza ufundi wa kompyuta. Baadhi waliniomba niyaandike, basi nimeyaandika karibu vile vile yalivyotoka mdomoni, pamoja na kuropoka kwangu.)

Habari zenu wakuu. Kabla sijasema lolote naomba mtazame skrini hapa mbele, nafungua lile dirisha jeusi la amri, nimelifungua kama admini maana bila hivyo litanifukuza, sasa naandika sfc /scannow, amri ya Windows inayokagua mafaili ya mfumo, halafu napiga enta. Haya, imeanza. Tuiache ijipikie huko wakati sisi tunaongea.

Niwaambie tu ukweli, kompyuta hii jana usiku niliifanyia ubaya kwa makusudi. Nilichukua faili moja la mfumo, DLL moja ambayo haitumiki sana, nikalazimisha ruhusa, nikalifungua na kuongeza takataka kidogo ndani yake nikasevu. Kompyuta inawaka kama kawaida, hamuoni tofauti yoyote, lakini ndani kuna jino bovu. Tutaona kama italigundua, na tukiwa na bahati tutaona kitu cha ajabu zaidi ya hicho.

Sasa tuanze na kadubu. Mwaka 2002 kulikuwa na barua pepe moja inazunguka dunia nzima, inasema tafuta kwenye kompyuta yako faili linaitwa jdbgmgr.exe, ukiliona lina picha ya kadubu ka kijivu basi ujue hicho ni kirusi, antivairasi haikioni, kinalala siku 14 halafu kinaharibu mfumo, kifute haraka na uwaambie marafiki zako wote. Watu wakatafuta, kweli kadubu wakakaona, wakafuta. Kumbe lile faili lilikuwa la Windows lenyewe, kifaa cha watu wanaotengeneza programu za Java. Mwaka mmoja kabla yake ilikuwepo nyingine kama hiyo ya sulfnbk.exe, nalo faili halali kabisa la Windows 98 la kurudisha majina marefu ya mafaili. Yaani hakukuwa na kirusi hata kimoja, kirusi alikuwa mtu mwenyewe na kidole chake.

Nimeanza na hiyo kwa sababu ukimuuliza mtu kwa nini mfumo unalinda mafaili yake atakwambia ni kwa ajili ya wadukuzi. Wadukuzi wamo, sikatai. Ila historia yenyewe haikuanzia hapo, ilianza na sisi wenye kompyuta, na ilianza pia na programu halali kabisa tulizokuwa tunainstoo.

Enzi za Windows 95 na 98, DLL zilikuwa zinatumiwa kwa pamoja. Ni faili lenye kazi ambazo programu nyingi zinaziazima, kama comctl32.dll ile ya kuchora pau za vitufe na orodha. Sasa unanunua programu mpya, inakuja na DLL yake ya zamani, ikiinstoo inaibandika juu ya ile mpya iliyokuwepo. Programu mpya inafanya kazi vizuri sana! Halafu kesho yake ile programu nyingine uliyoizoea haifunguki, na huwezi kujua kwa nini maana hujaigusa. Watu wa kazi hii waliita jehanamu ya DLL, na waliokuwepo wakati ule hawaoni kama jina lilitiwa chumvi. Ndo maana Windows 98 ikaja na hii sfc, wakati ule ikiwa na kidirisha chake cha kubofya, na kwenye Windows 2000 na XP ikaja na mlinzi anayekaa macho muda wote.

Waliowahi kutumia XP mtaukumbuka huu mchezo. Unaingia System32, ile folda ya mafaili ya Windows yenyewe, unatafuta calc.exe, ile kikokotoo, unaifuta. Imeondoka. Unasubiri sekunde chache unapiga F5, imerudi! Unaifuta tena, inarudi tena, mara ya kwanza kuiona nilidhani kompyuta ina pepo. Kilichokuwa kinatokea ni rahisi, kulikuwa na mtu mlangoni anasikiliza folda, akisikia faili linalolindwa limeguswa anaangalia alama zake, yaani namba inayotokana na yaliyomo ndani yake, kwenye katalogi iliyosainiwa, zisipolingana anakwenda kwenye folda iliyofichwa inaitwa dllcache anachukua kopi safi anairudisha. Kama dllcache haina kopi, anakuomba uingize CD ya Windows.

Na hapo kwenye CD ndo aibu yangu ilipo. Nilikuwa fundi mchanga, mteja kaleta mashine disiki imejaa, nikaanza kutafuta cha kufuta, nikakutana na dllcache, mamia ya megabaiti, ndani mafaili yale yale yaliyoko System32. Nikajiambia hawa jamaa wameweka vitu mara mbili bure tu. Nikafuta yote. Mashine ikawaka vizuri, mteja akalipa akashukuru akaondoka. Baada ya wiki kadhaa akarudi, kuna faili limeharibika na kila akiwasha anaombwa CD, na CD yenyewe alishaipoteza zamani. Sikumwambia kuwa ni mimi. Leo ndo nasema.

Ngoja tuangalie skrini... asilimia 38. Sawa.

Huyo mlinzi wa XP alikuwa na udhaifu wa namna mbili. Wa kwanza, hakuzuia. Alikuacha uharibu halafu akaja kusafisha, kama mtu anayekufuata nyuma na ufagio. Wa pili ni kwamba kopi zake safi zilikaa kwenye disiki ile ile, kwenye folda ambayo admini yeyote anaiandika, na XP nyumbani kwa watu wengi kila mtu alikuwa admini. Kwa hiyo ukitaka kumdanganya unabadilisha kwanza kopi iliyoko dllcache, halafu ndo unabadilisha ile ya System32. Vijana walifanya hivyo kwenye uxtheme.dll ili waweke mandhari za kupendeza, na virusi navyo havikuwa vijinga, vikafuata njia ile ile.

Kwa hiyo swali linalonikaa kichwani kila nikifikiria habari hizi ni nani anamlinda mlinzi. Kila mfumo uliokuja baadaye, ukiuangalia vizuri, ni jaribio jingine la kujibu hilo, na kila mara jibu linasogea hatua moja nyuma.

Vista, toleo la Windows lililofuata XP, walikuja na jibu lao. Mafaili ya mfumo yakapewa mwenyewe mpya anayeitwa TrustedInstaller. Huyu si mtu, ni huduma ya ndani ya Windows inayoinstoo apdeti, yeye peke yake ndo ana ruhusa ya kuandika. Wewe admini unasoma na kuendesha tu. Ndo maana ukijaribu kufuta kitu System32 unaambiwa unahitaji ruhusa kutoka kwa TrustedInstaller, na watu wanakasirika, eti kompyuta ni yangu nimeinunua kwa hela yangu nani huyu ananinyima. Halafu wanaenda kutafuta kale kafaili ka rejista kanakoongeza kitufe cha kuchukua umiliki kwa kubofya kulia, wanachukua umiliki wa folda nzima, na wanasahau kuurudisha. Wakuu, naomba mniamini kwenye hili, mashine nyingi nilizoletewa zikiwa haziwezi kuapdeti zilishapitiwa na kale kakitufe. Ukishampokonya TrustedInstaller faili, mlango umeuacha wazi kwa kila programu inayoendeshwa kwa jina lako, si wewe peke yako.

Kopi safi nazo zikahamia WinSxS, ile folda ambayo kila mtu anailalamikia kuwa kubwa. Hapa kuna kitu kizuri ambacho mafundi wengi hawakijui kwa hiyo nitakaa kidogo. Faili unaloliona System32 na lile lililoko WinSxS mara nyingi si mafaili mawili. Ni faili moja lenye majina mawili, kama mtu anayeitwa Juma kazini na Baba Asha nyumbani, ukimpiga Juma kofi Baba Asha shavu litamuuma. Ndo maana ukipima ukubwa wa WinSxS unapata namba ya kutisha ambayo si ya kweli, unahesabu watu wale wale mara mbili.

Sasa fikirieni. Ukifuta faili System32 unafuta jina moja tu, mtu mwenyewe bado yupo stoo, yaani WinSxS, sfc inamrudishia jina lake basi yameisha. Lakini ukiingia ndani ya faili ukabadilisha baiti zake pale pale zilipo, umemharibu mtu mwenyewe, kwa majina yote mawili. Na mimi jana usiku sikufuta. Niliingia ndani.

Haya, imemaliza, tusome. Inasema imekuta mafaili yaliyoharibika lakini imeshindwa kurekebisha baadhi yao. Mnaona? Ujumbe huu ukimtokea mtu wa kawaida anakata tamaa, anaita fundi, na fundi mvivu anafomati. Sisi tunakwenda kwenye logi, Windows, Logs, CBS, CBS.log. Ni ndefu balaa, kwa hiyo tunachuja mistari yenye [SR] tu maana hiyo ndo ya sfc. Huu hapa, faili langu la jana, alama hazilingani, na inasema chanzo chenyewe kilichoko stoo nacho kimeharibika. Hicho ndo kitu cha ajabu nilichowaahidi, mlinzi kaenda kuchukua kopi safi kakuta nayo chafu.

Kwa hiyo tunakwenda hatua moja nyuma zaidi. Naandika dism /online /cleanup-image /restorehealth. Hii haigusi System32 kwanza, inatengeneza stoo, na vitu vizuri inavichukua kwa Microsoft kupitia Windows Update, vikiwa vimesainiwa. Kama hamna intaneti mnaweza kuielekeza kwenye install.wim, faili lenye mafaili ya Windows, lililoko kwenye diski ya Windows, ila iwe ya toleo lile lile, la sivyo mtapata kosa 0x800f081f, maana yake haikupata inachokitafuta. Nimeianzisha. Ikigota sehemu moja kwa muda mrefu msiiguse, huwa inafanya hivyo, asilimia 62 na kitu hapo imewatia watu wengi jasho.

Na ndo maana siku hizi ushauri ni DISM kwanza halafu sfc, si kinyume chake. Kwenye intaneti utakuta watu wanaambiana rusha sfc mara tatu. Ukiirusha mara tatu kwenye stoo mbovu utapata jibu bovu mara tatu.

Wakati inajipikia, tuwatembelee majirani. Kwenye Linux za familia ya Red Hat unaandika rpm -V na jina la kifurushi, kama kila kitu kiko sawa haisemi neno. Kama kuna kilichobadilika inakupa mstari unaoanza kama S.5....T. hivi, S maana yake ukubwa umebadilika, 5 alama ya ndani haifanani, T tarehe imeguswa. Napenda sana ule ukimya wake. Kwenye Debian, Linux ya familia nyingine, kuna debsums, na kurudisha unainstoo upya kifurushi kile kile, kinashuka kutoka hazina kikiwa kimesainiwa. Lakini swali letu linarudi, orodha ya alama inayotumika kulinganisha imekaa kwenye disiki ile ile, na mvamizi aliyepata root, yaani admini mkuu wa Linux, anaweza kubadilisha faili na orodha pia. Kwa ajali ya kawaida rpm -V inatosha. Kwa mvamizi mwenye akili usiitegemee peke yake.

Mac wao walichoka na root mwenyewe. Mwaka 2015, kwenye toleo la El Capitan, wakaweka kwamba hata ukiwa root folda kama /System na /bin hazikuhusu, ukitaka kuzima ulinzi huo lazima uwashe mashine kwenye hali ya ukarabati, ukiwa ndani ya mfumo huwezi. Mwaka 2019 sehemu nzima ya mfumo ikawa ya kusomwa tu, na 2020 kwenye toleo la Big Sur wakaipiga muhuri. Muhuri huo unafanana kwa wazo na ule ulioko kwenye simu zenu za Android, na mimi nitaueleza wa Android maana hesabu yake ni tamu.

Chukua partisheni, yaani sehemu ya memori iliyotengwa, ya mfumo ya GB 2. Unaikata vipande vya baiti 4096, unapata vipande 524,288. Kila kipande unakitolea alama yake, hashi ya SHA-256, baiti 32. Badilisha herufi moja kwenye kipande na hashi inakuwa nyingine kabisa. Hashi 128 zinaenea kwenye kipande kimoja cha 4096, kwa hiyo alama zote za ghorofa ya kwanza zinakaa kwenye vipande 4,096. Hivyo navyo unavitolea hashi, zinaenea vipande 32. Navyo tena, zinaenea kipande kimoja. Kipande hicho kimoja unakitolea hashi ya mwisho. Baiti 32 tu! Baiti 32 zinabeba dhamana ya GB 2 nzima, na hizo ndo zinasainiwa. Simu ikisoma kipande chochote inapanda ngazi kukihakiki hapo hapo, haihitaji kukagua mfumo mzima wakati wa kuwaka, ndo maana hamsikii uzito. Kinaitwa dm-verity, kimo tangu Android 4.4, na kuanzia 7.0 mwaka 2016 kikawa kikali, mfumo ulioguswa unaweza kukataa kuwaka kabisa.

Ila ukali nao una gharama. Simu ni kitu kinachoanguka na kuzeeka, baiti moja ikioza yenyewe kwenye memori utasema mfumo umedukuliwa? Kwa hiyo toleo lile lile la 7.0 wakaongeza hesabu za kusahihisha makosa, kwa nafasi isiyofika asilimia 1 simu inaweza kujijazia vipande vilivyooza bila kumuomba mtu kopi. Hiyo nadhani ndo kazi ya kupendeza kuliko zote kwenye mada hii na hakuna anayeizungumzia.

Na nani anahakiki ile sahihi ya mwisho? Programu ya kuwasha simu. Nani anaihakiki hiyo? Ufunguo uliochomwa kiwandani kwenye chipu, mahali ambapo hapaandikiki tena. Kule ndo mnyororo unapoishia, umesogea nyuma hadi ukafika kwenye kitu ambacho hata mtengenezaji mwenyewe hawezi kukibadilisha akiwa mbali.

Sasa kuna mmoja ataniuliza, kama ulinzi ni mzuri hivyo, tarehe 19 Julai 2024 ilikuwaje? Siku ile kompyuta za Windows kama milioni 8.5 zilianguka na skrini ya bluu, ndege zikakwama. Tatizo lilikuwa faili la apdeti la CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, limekaa ndani ya System32 chini ya drivers, jina linaanza na C-00000291. Lilikuwa la mwenyewe halali, limekuja kwa njia halali. Ungerusha sfc siku ile ingekwambia kila kitu kiko salama, na isingekuwa imedanganya, maana mafaili ya Windows yalikuwa mazima. Kikulacho ki nguoni mwako. Hashi na sahihi zinakwambia faili ni lile lile alilolitoa mwenyewe, hazikwambii kama mwenyewe alikosea.

Na dawa yake ilikuwa mtu kwenda mashine moja moja, kuiwasha kwenye hali salama, na kufuta lile faili kwa mkono. Kwa kidole! Yaani kile kile cha kadubu, safari hii kikiwa ndo tiba. Kama disiki ina BitLocker, kile kifungio cha Windows cha kusimba disiki, unahitaji na ule ufunguo mrefu wa tarakimu 48, na wengi ufunguo waliuweka kwenye seva ambayo nayo ina skrini ya bluu. Novemba mwaka ule ule Microsoft wakatangaza njia ya kurekebisha mashine zisizowaka wakiwa mbali, kupitia mazingira ya ukarabati. Simu nyingi na Chromebook zina njia yao nyingine, zina nafasi mbili za mfumo, apdeti inaandikwa kwenye ile isiyotumika, ikishindwa kuwaka wanarudi kwenye ya zamani na mwenye simu pengine hajui kama kulitokea kitu.

DISM imemaliza, nilikuwa naitazama kwa jicho la pembeni. Inasema urejeshaji umekamilika. Narusha tena sfc /scannow. Ikiendelea niseme jambo moja la kiufundi, faili likiharibika na hukuliharibu wewe, usikimbilie kushangilia sfc ikilitengeneza. Angalia disiki kwanza, rusha chkdsk, amri ya kukagua disiki, soma hali yake ya SMART, yaani ripoti ya afya yake yenyewe, jaribu na RAM. Nimewahi kurekebisha mafaili ya mashine moja mara tatu ndani ya mwezi, najiona bingwa, kumbe disiki ilikuwa inakufa na mimi naendelea kuiandikia. Bakapu ya mteja ilitakiwa iwe ya kwanza, niliifanya ya mwisho, na baadhi ya picha zake hazikutoka.

Dada pale nyuma ameuliza kama sfc inaweza kufuta kazi zake. Hapana, haina habari na nyaraka zako wala picha zako, inajua mafaili ya Windows tu. Ila kama ulibadilisha faili la mfumo kwa makusudi ili kupata mandhari fulani, itakurudishia la zamani bila kukuuliza.

Asilimia 100. Tusome wote: imekuta faili lililoharibika na imelirekebisha. Lile la jana usiku. Nani ana swali lingine?